Daktari alituripoti kwa afisa wa watoto, sasa naogopa kurudi kliniki

Mshauri, salamu nyingi.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Umoja na mume wangu. Msichana ana miaka sita, yuko gredi ya kwanza. Mvulana ana miezi minane na hajaanza kutambaa. Mimi hupakia mkate kiwandani, zamu ya usiku mara tatu kwa wiki. Mume wangu huendesha matatu, huamka saa tisa usiku ili saa kumi gari liwe barabarani. Nikiwa zamu, watoto hubaki na yeye, dada wa kazi, na shemeji yangu mdogo aliyemaliza kidato cha nne na anangoja kuitwa chuo. Mama mkwe naye alikuwa kwetu mwezi mzima, amekuja kutibiwa macho.

Ijumaa moja nilirudi asubuhi saa moja na nusu. Nilipomwinua mtoto nimbadilishe nepi alitoa kilio ambacho sijawahi kukisikia. Paja la kushoto lilikuwa limevimba na ngozi inang'aa. Dada akasema labda aliteleza kwenye kochi jioni, yeye alikuwa jikoni. Mume wangu alikuwa ameshaenda kazini. Nikamfunga leso, nikakimbia hospitali.

Daktari aliinua picha ya eksirei dirishani. Akanionyesha mfupa wa paja uliovunjika, kisha akateremsha kalamu hadi mbavuni. Kulikuwa na vivimbe viwili vyeupe kama fundo la muwa. Akasema hizo mbavu zilivunjika siku nyingi nyuma na zimeanza kuunga. Akaniuliza zilivunjika vipi. Sikuwa na jibu. Akaniuliza tena, safari hii ameweka kalamu chini: "Mama, kuna mtu nyumbani unayemwogopa?" Nikasema hapana. Mume wangu alipofika wakamwita chumba kingine, wakamuuliza peke yake. Halafu daktari akatuambia waziwazi kwamba ataandika ripoti kwa afisa wa watoto.

Mshauri, tangu siku hiyo nyumba yangu si nyumba. Mtoto alilazwa siku kumi na mbili, miguu yote miwili imening'inizwa juu kwa kamba na makalio hayagusi kitanda, nami nimekaa kando yake huku nesi ananitazama kama mwizi. Dada wa kazi alilala seli siku mbili, akaachiliwa, akarudi kwao Kitui bila mshahara wake. Mamake hunipigia simu nami sipokei. Shemeji alirudi mashambani wiki hiyo hiyo. Mama mkwe anasema mimi ndiye niliyeleta serikali nyumbani kwa mdomo wangu. Kwenye ploti kila mtu anajua. Wanawake wa chama walihamisha mkutano uliokuwa ufanyike kwangu, na hakuna aliyeniambia sababu.

Afisa alienda hata shuleni kwa msichana wangu. Mtoto wa miaka sita! Akamwambia afisa kwamba "baby hulia sana usiku, halafu ananyamaza mara moja." Sasa maneno ya mtoto yameandikwa kwenye faili kama ushahidi. Tangu siku hiyo anakojoa kitandani, na alikuwa ameshaacha.

Mume wangu ni mtu mpole. Hajawahi kuniinulia mkono. Ni kweli usiku mtoto akilia yeye hukasirika kidogo kwa sababu analala masaa machache, lakini ni nani hangekasirika? Anasema tuachane na hiyo kliniki. Tunatakiwa kurudi Jumanne asubuhi kupigwa picha nyingine, na daktari aliandika kipimo cha damu cha kuangalia madini ya mifupa ambacho mume wangu anasema ni kupoteza pesa. Anataka tumpeleke mtoto kwa mama yake kijijini hadi mambo yapoe. Afisa alitukataza kumtoa mtoto Nairobi bila kumjulisha. Kwa upande mwingine rafiki yangu ananisukuma nimshtaki daktari kwa kuharibu jina letu.

Mtoto bado ana plasta, na sasa ana kikohozi siku ya nne. Natamani kumpeleka akaangaliwe kifua, lakini nikifika tu kwenye geti la hospitali yoyote miguu inaisha nguvu. Nifanye nini?

Mama Wawili, Umoja

MSHAURI ANAJIBU

Mama Wawili, barua yako niliisoma ndani ya matatu, nikapitishwa steji yangu na sikujua. Pole. Pole kwa ile asubuhi ya kurudi kutoka kazini na kukuta paja la mtoto limevimba, na pole kwa siku kumi na mbili za kukaa kando ya kitanda ukitazamwa. Mzazi aliyeshukiwa hubaki na aibu hata akiwa hana kosa. Hilo silichukulii kwa wepesi.

Kabla ya mengine yote, kikohozi. Siku ya nne kwa mtoto wa miezi minane mwenye mbavu zinazounga haifai kungoja Jumanne. Kama hospitali ile imekushinda, nenda kituo chochote cha afya kilicho karibu, leo. Ukiona anapumua kwa kasi, kifua kinabonyea ndani anapovuta hewa, au anakataa kunyonya, usingoje hata saa moja. Beba kitabu chake cha kliniki na useme ukweli kuhusu plasta. Niache hapo, uende, kisha urudi tuendelee.

Sasa. Unaniambia, kama nimekuelewa, kwamba daktari alivunja nyumba yako kwa shaka isiyo na msingi, na unataka kujua kama unaweza kukwepa kliniki yake, na labda kumshtaki. Lakini ndani ya barua hiyo hiyo nasikia swali la pili ambalo hukuliandika. Nitalifikia.

Tuanze na daktari. Mtoto ambaye hajaanza kutambaa hana nguvu za kujivunja paja mwenyewe. Kwa umri huo mfupa uliovunjika humfanya daktari yeyote aulize maswali, na mbavu zilizovunjika humfanya aulize zaidi, kwa maana mbavu za mtoto mchanga ni laini, hujipinda kabla ya kukatika. Zilizokuwa zinaunga zilimwambia kwamba jambo la Alhamisi usiku halikuwa la kwanza. Wewe mwenyewe ulipoulizwa zilivunjika vipi hukuwa na jibu, na sikulaumu, hukuwepo. Ila jiweke kwenye kiti chake. Angefunga faili akupe dawa ya maumivu?

Kuna wakati madaktari walikuwa wakifanya hivyo hasa. Walipiga picha, wakaona mifupa ya umri tofauti katika mwili mmoja mdogo, wakaandika "ajali" na kumrudisha mtoto nyumbani. Mwaka wa 1962 huko Marekani daktari Henry Kempe na wenzake walichapisha makala iliyowaambia madaktari wenzao waziwazi kwamba baadhi ya watoto hao wanapigwa na watu wanaowalea. Katika miaka michache majimbo yote ya Marekani yakatunga sheria za kuripoti. Hapa kwetu, Katiba ya 2010 kifungu cha 53 inasema maslahi ya mtoto ndiyo yanayotangulia katika kila jambo linalomhusu, na Sheria ya Watoto ya 2022 imefungua njia kwa mtu yeyote mwenye sababu ya kuamini kwamba mtoto anahitaji ulinzi apeleke habari kwa afisa wa watoto au polisi. Anayeripoti hatakiwi kuwa na ushahidi wa kumfunga mtu. Kuchunguza ni kazi ya wengine.

Lakini nisikudanganye kwamba ripoti haina gharama. Huko Cleveland, kaskazini mwa Uingereza, mwaka wa 1987, watoto 121 walisemekana kunajisiwa katika muda wa miezi michache, sehemu kubwa kwa uamuzi wa madaktari wawili. Wengi waliondolewa kwao, na baadaye wengi wakarudishwa. Jaji Elizabeth Butler-Sloss alipoleta ripoti yake mwaka uliofuata, jambo moja alilosisitiza ni kwamba mtoto ni mtu, si kitu cha kutiliwa wasiwasi tu. Nilimkumbuka niliposoma kuhusu binti yako kuhojiwa shuleni. Una haki ya kumuuliza afisa nani alikuwepo katika mazungumzo yale, na kumwomba kama atamhoji tena awe na mtu anayejua kuzungumza na watoto wadogo. Kuuliza hivyo si kuficha kitu.

Na kile kipimo cha damu. Nataka ukitazame tena, kwa sababu nadhani umekisoma vibaya. Daktari aliyekwisha kuamua kwamba mmemuumiza mtoto hana haja ya kuandika kipimo cha madini ya mifupa. Anayekiandika anatafuta maelezo mengine. Upo ugonjwa wa mifupa laini, ule unaoleta matege, unaotokana na kukosa vitamini D, na Nairobi unawapata watoto wengi kwa sababu tunawalea ghorofani. Nazijua baadhi ya nyumba za Umoja: dirisha la sebule linatazama ukuta wa jirani, jua halifiki sakafuni hata saa sita mchana. Upo pia ugonjwa wa kuzaliwa nao, wa nadra, unaofanya mifupa ikatike kwa urahisi. Kama mwanao ana mojawapo, kipimo hicho na picha zile ndizo hatua ya kwanza ya kujua. Mkikwepa, mnatupa kinga yenu wenyewe.

Ila haki inanidai niseme na upande wa pili. Mtoto anaweza kuwa na mifupa dhaifu na bado kuna mtu aliyemshika vibaya. Jibu la maabara linaweza lisifunge mjadala. Ndiyo maana pia mnaitwa kwa picha nyingine: ufa mpya kwenye ubavu mara nyingi hauonekani siku ya kwanza, huonekana baada ya wiki mbili hivi mfupa unapoanza kuunga. Naelewa ukisema unaogopa kitakachoonekana.

Hapo ndipo lilipo lile swali la pili. Katika barua yako nimehesabu watu watano waliomshika mtoto huyu mwezi ule: wewe, mume wako, dada, shemeji na mama mkwe. Watatu wameshaondoka nyumbani. Aliyelala seli ni yule asiye na ukoo hapa mjini wa kumtetea, na mshahara wake bado unao wewe. Huenda alifanya, huenda hakufanya, sijui. Mshahara alioufanyia kazi haungoji upelelezi uishe. Mtumie mamake hata kwa awamu, na simu yake ipokee.

Kisha kuna maneno ya binti yako. Umeyaandika kwa hasira, kwamba yamewekwa kwenye faili. Mimi nimebaki nayo. "Hulia sana usiku, halafu ananyamaza mara moja." Yanaweza kuwa na maana nyingi za kheri: dada amempa chupa, baba amembeba begani, usingizi umemchukua. Yanaweza pia kuwa na maana isiyo ya kheri. Mtoto wa miaka sita hakujua anasema nini kwa serikali, alieleza anachosikia akiwa amelala chumba cha pili. Wewe usiku huo uko kazini na mkate. Je, umewahi kuyatafakari maneno hayo kama maneno tu, kando na faili, kando na afisa? Na mistari michache chini yake ukaniandikia kwamba mume wako hukasirika "kidogo". Sikuuliza habari zake. Ulinipa mwenyewe.

Sisemi ni yeye. Ningekuwa nakudanganya nikisema najua. Mtu anayelala masaa manne na kushika usukani saa kumi anaweza kuwa baba mwema kabisa. Nasema tu kwamba kumkasirikia daktari kunaweza kukupunguzia mzigo wa kutazama ndani, na huenda mzigo huo ndio unaokumalizia nguvu miguuni pale getini.

Kumpeleka mtoto kijijini kuna sura mbili. Kuna hewa, bibi, utulivu, na macho ya majirani yatakuwa mbali. Lakini afisa alishawaambia msimtoe bila kumjulisha, na mkiondoka kimya itasomeka kama kuficha; jambo ambalo lingeishia kwenye mazungumzo ofisini linaweza kufika Mahakama ya Watoto pale Milimani. Tena, kama kuna aliyemuumiza, hujui ni yupi, na kijijini utawakuta wawili kati ya wale watano. Mkiona ni lazima, mpigieni afisa kwanza, mwambieni mtoto atakaa wapi na na nani. Anaweza kukubali. Anaweza kutoa wazo jingine.

Kumshtaki daktari pia ni haki yako, na Baraza la Madaktari hupokea malalamiko. Ningekuomba tu utenganishe mambo mawili. Kama mlisemeshwa kwa dharau, kama nesi aliwatangaza mbele ya wagonjwa wengine, hilo linafaa kuandikwa. Kuripoti kwenyewe ni jambo jingine. Na daktari huyo, kwa ulivyosimulia, aliwaambia usoni kabla ya kuandika. Wengi huandika mtu ageuzapo mgongo. Ukitaka ushauri wa sheria bila malipo, FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake, na Kituo cha Sheria wapo hapa Nairobi.

Wakati huu wa kungoja, mimi ningekuwa na wasiwasi zaidi na usiku kuliko na Jumanne. Nani atalala na mtoto zamu yako ikifika? Je, kiwanda kinaweza kukubadilishia zamu kwa mwezi mmoja? Una dada wa tumbo moja au mama yako anayeweza kuja? Hilo linaweza kupangwa bila kumshutumu mtu, kwa sababu mtoto wa plasta anahitaji mikono zaidi, na hiyo ni kweli mtupu. Mwambie kila anayebaki naye: kilio kikizidi na mikono ikianza kutetemeka kwa hasira, mlaze chali mahali salama, funga mlango, toka nje dakika kumi, upumue. Mtoto hafi kwa kulia dakika kumi. Kutikiswa kunaweza kumuua au kumwachia ulemavu wa ubongo.

Kuzungumza na mume wako, hilo wewe ndiye unayelijua. Kama unaamini upole wake, mkute akiwa amelala vya kutosha, mchana, na usianze na "ulifanya nini". Muulize usiku ukoje mimi nisipokuwepo. Kisha nyamaza umsikilize hadi mwisho. Lakini kama unaposoma mstari huu moyo umedunda, usimuulize peke yako. Nenda kwa afisa, au piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure, au fika dawati la jinsia kituo cha polisi. Utajua mwenyewe moyo ulifanya nini.

Binti usimhoji. Najua utatamani. Ukimuuliza mara tano atakupa majibu matano ya kukupendeza, na halisi litapotea. Badilisha shuka bila kumsema, mwambie hakukosea kuzungumza na yule mgeni, na akianza kueleza jambo mwenyewe msikilize bila kumkatiza.

Jumanne foleni ya eksirei huwa ndefu hata ukifika saa mbili. Beba nepi za ziada kwa sababu ya plasta, chupa, na leso mbili. Kama mume wako hataki kuja, tafuta mtu mwingine wa kukaa nawe kwenye benchi, hata mmoja wa wale wa chama. Yupo ambaye aliona aibu pale mkutano ulipohamishwa na hajui aanze vipi kukuambia. Daktari akiuliza tena lile swali lake la mwisho, mwombe dakika moja ufikiri kabla ya kumjibu.

Niandikie ukirudi.